Ruzuku za utetezi zifuate tatizo, si ukubwa wa shirika

Karibu kila tangazo la ruzuku kwa asasi za kiraia ambalo nimelisoma hapa Tanzania limewapanga waombaji katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la mashirika ya utetezi wa sera, ambayo huchambua bajeti, huandika mapendekezo ya mabadiliko ya sheria na kukutana na kamati za Bunge. La pili ni la vikundi vya jamii, ambavyo huelimisha wananchi kuhusu haki zao na kufuatilia fedha za zahanati, shule au kisima cha kijiji. Fungu la kwanza hupewa fedha nyingi na muda mrefu, la pili hupewa fedha kidogo, mara nyingi za mwaka mmoja. Niliwahi kuomba ruzuku hizo nikiwa katibu wa kikundi cha kata, na miaka ya baadaye nikaalikwa mara mbili katika jopo la kupitia maandiko ya miradi ya waombaji. Nimefikia kuamini kwamba mgawanyo huo, ambao wengi huuona kuwa ni utaratibu tu wa kiofisi, ndio unaodhoofisha kazi yenyewe ya utetezi.

Tuitazame mikopo ya asilimia kumi. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kwa kifungu kilichoongezwa mwaka 2018, inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 Serikali iliisitisha mikopo hiyo ili kupitia upya utaratibu wa kuitoa, na mwaka 2024 ikarejeshwa. Shirika la sera lililoko Dodoma au Dar es Salaam linaweza kusoma taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, likaona halmashauri ambazo hazikutenga fedha kama inavyotakiwa, na likaandaa waraka wa kuwapa wabunge. Lakini shirika hilo halijui kwa nini kikundi cha mama lishe wa kata fulani kiliacha kuomba baada ya kufika kwa afisa maendeleo ya jamii mara nne, wala halijui jinsi mtu asiyeona anavyoshindwa kuijaza fomu ambayo hakuna wa kumsomea. Wanaoyajua hayo ni wanakikundi wa kata, ambao nao hawana mtu wa kuyafikisha Bungeni.

Kwa kuwa pande hizo mbili hupewa ruzuku mbalimbali, chini ya mikataba isiyojuana, hukutana kwa namna moja tu. Shirika la sera hutuma vijana wenye madodoso, mwenyekiti wa kikundi huwatembeza kwa siku tatu, huwafungulia milango ya nyumba ambazo mgeni asingeingia, kisha hupewa posho ya siku moja na kuahidiwa kuletewa ripoti. Nimekuwa miongoni mwa waliotembeza wageni wa aina hiyo, na ripoti yenyewe nilikuja kuiona kwa bahati, miaka miwili baadaye, ikiwa kwa Kiingereza na bila kukitaja kikundi chetu popote. Jambo hilo liliniuma, na bado linaniuma, kwa sababu ushahidi wote wa sura ya tatu ulikuwa umetoka kwetu.

Kwenye jopo niliona sehemu nyingine ya tatizo. Maombi hupita hatua zinazofahamika: tangazo, andiko dhana (maelezo mafupi ya wazo la mradi), andiko kamili la mradi, kupewa alama, uhakiki wa asasi, mkataba, kisha fedha kutolewa kwa awamu kulingana na taarifa za utekelezaji. Hakuna hatua hata moja kati ya hizo ambayo ni mbaya yenyewe. Ila katika mzunguko wa kwanza nilioshiriki, tulipokea ombi la kurasa mbili kutoka kwa kikundi cha kijijini ambacho, bila fedha ya mtu yeyote, kilikuwa kimeidai kamati ya maji hesabu zake hadi zikabandikwa ukutani kwenye ofisi ya kijiji. Ombi hilo liliondolewa siku ya kwanza kwa kukosa hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu. Gharama ya kumlipa mkaguzi aliyesajiliwa ingezidi michango yote ya wanakikundi kwa mwaka. Siku hiyo hiyo tulilipatia alama za juu andiko lililopangwa vizuri, lenye viashiria na jedwali la matokeo, ambalo katika ukurasa wa tisa lilitaja jina la wilaya isiyohusika kabisa na mradi. Ni wazi kwamba aliyeliandika ni mtaalamu wa kukodiwa, na alikuwa ameliuza andiko hilo hilo kwa zaidi ya asasi moja. Nilipinga nikashindwa kwa kura, na ninajutia kwamba sikupinga kwa nguvu zaidi.

Sitaki ionekane kwamba nayabeza yaliyokwisha kufanywa. Foundation for Civil Society ilipoanza kazi mwaka 2003, asasi nyingi za mikoani hazikuwa na njia yoyote ya kumfikia mfadhili bila kwanza kujuana na mtu wa ubalozini. Kuwepo kwa taasisi ya ndani inayotangaza ruzuku wazi, zikiwemo ndogo kwa ajili ya asasi changa, kulifungua mlango ambao haukuwepo, na watu wengi ninaowaheshimu katika sekta hii walijifunza kutunza vitabu vya hesabu kwa kupitia mlango huo. Vilevile ipo kazi ya msaada wa kisheria, ambayo kwangu ndiyo mfano bora zaidi tulio nao. Wasaidizi wa kisheria, yaani watu wasio mawakili waliofunzwa misingi ya sheria, walikuwa wakiwasaidia wajane na wakulima katika migogoro ya mirathi na ardhi miaka mingi kabla ya sheria kuwatambua. Kuanzia mwaka 2011, Legal Services Facility, mfuko wa kugharimia msaada wa kisheria, iliwafikishia ruzuku wilayani, huku mijadala ya kutaka watambuliwe ikiendelea ngazi ya taifa, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ikawapa nafasi rasmi. Zanzibar ikatunga yake mwaka 2018. Hapo kazi ya wilayani na kazi ya sera zilihusu jambo moja, na wabunge waliposikia habari za wasaidizi wa kisheria walikuwa wakisikia habari za watu ambao wapiga kura wao wanawafahamu kwa majina.

Suala la muda nalo halikwepeki. Mwaka 2016, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, vinavyoruhusu msichana kuolewa kabla ya kutimiza miaka 18, vinakwenda kinyume na Katiba. Serikali ilikata rufaa, na Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo Oktoba 2019. Kati ya hukumu ya kwanza na ya pili ilipita zaidi ya miaka mitatu, na bado kazi ya kuibadilisha sheria yenyewe ikawa inasubiri Bunge. Kikundi cha kata kinachozuia ndoa za wasichana wa darasa la saba kingehitaji kupewa ruzuku ya mwaka mmoja mara nne mfululizo ili kuivuka safari hiyo, na kila mara kingeanza upya na andiko jipya, akaunti tupu na mratibu aliyekwisha kuondoka kutafuta kazi kwingine.

Nayaandika haya sasa kwa sababu fedha zimepungua. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai mwaka huo USAID, iliyokuwa ikitoa misaada hiyo, ikawa imefungwa kama shirika linalojitegemea. Uingereza nayo imetangaza kupunguza bajeti yake ya misaada hadi asilimia 0.3 ya pato la taifa ifikapo 2027. Taasisi za ndani zinazogawa ruzuku zitalazimika kukata mahali, na hofu yangu ni kwamba zitaanza na vijiji, kwa kuwa mikataba kumi midogo ina usumbufu zaidi wa usimamizi kuliko mkataba mmoja mkubwa.

Ninachokitaka ni tangazo linalotaja tatizo moja, kwa mfano mikopo hiyo ya halmashauri, na kuyataka mashirika ya sera na vikundi vya kata viombe pamoja, kwa Kiswahili, kwa muda usiopungua miaka mitatu. Nimeambiwa na mtu ninayemwamini kwamba utaratibu huo utayapa mashirika makubwa nafasi ya kuvimeza vikundi. Hofu hiyo ina msingi, kwa maana nimeona kikundi kikisubiri fedha zake miezi mitano kwenye akaunti ya mshirika wake mkubwa. Kwa hiyo kila kikundi kisaini mkataba wake chenyewe na fedha zake ziingie moja kwa moja kwenye akaunti yake. Badala ya kudaiwa hesabu zilizokaguliwa, kitembelewe na afisa wa ruzuku atakayekaa siku mbili, asome daftari la mahudhurio na azungumze na majirani, na gharama ya mtunza hesabu wa kusaidia vikundi vitano au sita iwekwe ndani ya ruzuku. Shirika la sera lililotumia ushahidi wa kikundi liulipie kama linavyomlipa mtafiti, na liandike jina la kikundi hicho kwenye jalada la ripoti.

Kanuni za mwaka 2018 zinayataka mashirika yasiyo ya kiserikali yanayopokea zaidi ya shilingi milioni 20 yatangaze hadharani fedha hizo na matumizi yake. Ni sharti jema, ingawa tangazo la gazetini halifiki kule ambako kazi yenyewe imefanyika. Kijiji kina mkutano mkuu ambao kisheria hukaa kila baada ya miezi mitatu, na ajenda ya mapato na matumizi imo tayari. Taarifa ya ruzuku isomwe hapo kwanza, shilingi kwa shilingi, mbele ya watu ambao jina lao limetumika kuiombea, na muhtasari wa maswali yao uambatishwe kwenye taarifa inayopelekwa kwa mfadhili kabla ya awamu inayofuata kutolewa.