Ushauri wa uzazi kwa anayetoka jela: ndani ya geti au uraiani?

Siku ya kuachiwa, mfungwa hurudishiwa nguo alizoingia nazo, anatia saini, kisha anatoka getini Ukonga au Butimba kwenda kutafuta usafiri. Wapo wanaotaka saa hiyohiyo akalishwe na mshauri, aelezwe habari za VVU, magonjwa ya zinaa na uzazi wa mpango. Ushauri huo nauunga mkono kwa moyo wote. Siku hiyo ndiyo siiafiki, maana mtu huyo masikio yake yameshafika nyumbani.

Wanaosema ufanyike gerezani, tena mapema, wana hoja nzito. Tanzania na Kenya wafungwa wengi hupunguziwa theluthi ya kifungo kwa tabia njema, kwa hiyo tarehe ya kutoka hujulikana kitambo. Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinataka mfungwa atibiwe kwa kiwango kilekile cha uraiani na matibabu ya VVU na kifua kikuu yasikatike. Anayetumia ARV, dawa za kufubaza VVU, akitoka bila barua ya uhamisho, atafika CTC, kliniki ya dawa hizo, ya kwao na kuulizwa alikuwa anachukulia dawa wapi. Wengi wataona heri kuondoka kuliko kujibu. Dozi ikikatika virusi vinapanda, na mke ambaye dawa zile zilikuwa zimkinge anabaki wazi.

Lakini gerezani siri haipo. Askari yuko mlangoni, wenzako wako kwenye foleni nyuma yako, na Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 154, inahesabu ngono ya mwanamume na mwanamume kuwa jinai. Aliyebakwa ndani, au aliyekubali ili apate sabuni, atasema hakuna kilichotokea, na mshauri ataandika hivyohivyo. Halafu kuna msamaha wa Rais. Desemba 9, 2019 walisamehewa wafungwa 5,533. Kwa watu kama hao, ratiba ya ushauri iliyopangwa kwa tarehe ya kutoka inakuwa imepitwa.

Na uzazi wa mpango hauzungumziki na mume peke yake. Chukulia mwanamume aliyefungwa miaka miwili. Usiku wa kwanza nyumbani anashika mkono wa mkewe, upande wa ndani juu ya kiwiko, anapapasa kijiti cha kuzuia mimba chini ya ngozi. "Hiki ulimwekea nani?" Kumbe kiliwekwa baada ya mtoto wa pili, yeye mwenyewe akiwepo, kijiti hukaa miaka 3 au 5 kutegemea aina. Hesabu hiyo hakuna aliyempa, na mwanamke anaweza kupigwa usiku huo kwa maelezo ya dakika kumi ambayo hayakutolewa. Mwingine amekaa ndani miaka minane, anataka mtoto upesi afidie muda uliopotea. Mkewe, aliyesomesha watoto kwa kuuza vitumbua, hataki kusikia neno mimba. Wawili hawa wanahitaji mtu wa tatu chumbani, na chumba hicho hakiwezi kuwa gerezani.

Kuna wanaouliza kwa nini wahalifu wapewe huduma ambayo mama wa kijijini anaifuata kwa miguu. Mama huyo ndiye atakayemfungulia mlango anayerudi.

Kwa hiyo mimi nagawa kazi. Ndani, miezi kadhaa kabla ya kutoka, aje mhudumu wa afya asiyevaa sare ya magereza: apime, afundishe, aandae barua ya dawa. Uraiani, miezi 3 baadaye, mume na mke waende pamoja zahanati ya karibu. Miezi 3 ina sababu yake: maambukizi ya siku za mwisho gerezani huenda kipimo cha kwanza hakikuyaona. Na barua atakayopewa ipigwe muhuri wa hospitali ya wilaya. Yenye muhuri wa gereza ataichana kabla hajafika stendi.