Mfadhili akiondoka, mzigo anabaki nao nani?

Mwaka 1994 Taasisi ya Jane Goodall ilikwenda kwenye vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Gombe, mkoani Kigoma, ikiwa na nia ya kurudisha misitu. Wanakijiji walikuwa na shida zao: afya, shule za watoto, chakula. Waliulizwa, wakasema, na mradi wa taasisi hiyo, ulioitwa TACARE, ukayabeba hayo pamoja na miti. Hapo ndipo ilipo nguvu ya mashirika ya kujitolea: yanaweza kugeuza mpango baada ya kusikiliza, jambo ambalo bajeti ya halmashauri ikishapitishwa hulifanya kwa shida.

Wanaoyapinga wana hoja nzito. Shirika huwajibika kwa mfadhili. Mkutano mkuu wa kijiji hauwezi kumwondoa meneja wa mradi. Muuguzi mzoefu huacha zahanati akafuata mshahara wa mradi wa miaka mitatu. Na kule Kasulu na Kibondo, wenyeji wa jirani na kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta wameona malori ya misaada yakiwapita huku kuni zikizidi kuwa mbali.

Hata hivyo sikubali kwamba serikali ingeachiwa yote mambo yangenyooka. Mama wa kijiji cha mwambao wa Ziwa Tanganyika akipata uchungu pingamizi usiku, mtoto akashindwa kutoka, Hospitali ya Maweni iliyoko Kigoma mjini iko mbali, na ziwa likichafuka boti haiendi. Kuanzia 2006, mradi uliofadhiliwa na Bloomberg Philanthropies uliwafundisha madaktari wasaidizi kufanya upasuaji wa uzazi kwenye vituo vya afya vya vijijini. Wako akina mama walio hai kwa sababu hiyo. Kwangu hilo linazidi malalamiko mengi.

Mwaka 2019 mradi huo ulikabidhiwa serikalini. Uliwezekana kukabidhiwa kwa kuwa ulijengwa ndani ya vituo vya serikali, kwa mikono ya watumishi wake. Miradi mingi haina wa kumkabidhi. Pampu hufungwa, picha hupigwa, kamati ya maji hupewa daftari. Kifaa kimoja kikifa, kipuri hakipatikani hata Kigoma mjini, na akina mama hurudi mtoni na ndoo zao.

Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002 inayataka mashirika haya yatoe ripoti kila mwaka. Ningetaka mkutano wa kijiji nao usomewe ripoti hiyo, kwa Kiswahili au Kiha, na ukurasa wa kwanza umtaje atakayenunua kipuri.