Mkeka wa langalanga usubiri mizani

Aliyezoea kubeti mpira anajua kwamba dakika 90 na zile za majeruhi zikiisha, mkeka, yaani tiketi yake ya beti, ama umetiki ama umechanika. Kwenye magari ya langalanga, Formula 1, dereva anaweza kuvuka mstari wa mwisho akiwa wa kwanza, akapanda jukwaani, akapigiwa wimbo wa taifa lake, kisha jioni akaambiwa hakushinda.

Ndiyo yaliyompata George Russell huko Spa, Ubelgiji, tarehe 28 Julai 2024. Alibadili matairi mara moja tu huku wapinzani wake wakubwa wakibadili mara mbili, akamzuia Lewis Hamilton hadi mwisho kwa tofauti ya nusu sekunde. Baada ya mbio wakaguzi walitoa mafuta yaliyobaki kwenye gari lake, wakalipima: kilo 796.5. Kiwango cha chini kilikuwa 798. Kilo moja na nusu! Matokeo yake yakafutwa, ushindi ukaenda kwa Hamilton.

Sasa tazama mkeka. Kampuni nyingi za kubeti hulipa kwa kufuata waliosimama jukwaani. Kinachobadilika baadaye hakigusi malipo. Kwa sheria hiyo, aliyemwekea Russell analipwa, na aliyemwekea Hamilton, mshindi halali, anaambulia patupu. Mimi hili nalipinga.

Hoja ya kampuni naielewa. Brazil mwaka 2003 Kimi Räikkönen alipanda jukwaani kama mshindi, ikaja kugundulika kwamba mizunguko ilihesabiwa vibaya baada ya mbio kusimamishwa kwa ajali. Siku 5 baadaye ushindi akapewa Giancarlo Fisichella. Huwezi kumweka mteja roho juu siku zote hizo, wala kumdai hela ambazo keshazitoa na kununulia unga. Lakini la Spa liliamuliwa siku ileile. Malipo yangesubiri tu matokeo ambayo waamuzi huyatia saini baada ya ukaguzi wa magari, na rufaa za siku zinazofuata zisiguse mkeka wa mtu. Nani angeumia kwa kungoja saa chache?

Tena jukwaa lenyewe si sawa na mstari wa mwisho, na hapa wengi huchanganya. Montreal mwaka 2019 Sebastian Vettel alivuka wa kwanza, ila alikuwa ameongezewa sekunde 5 mbio zikiendelea, hivyo aliyepanda juu ni Hamilton. Mikeka ya Vettel ilichanika kihalali kabisa. Yaani adhabu ya sekunde 5 inahesabiwa, upungufu wa kilo moja na nusu hauhesabiwi, kwa sababu tu mizani husomwa baada ya shampeni kumwagwa.

Halafu kuna beti ya "atamaliza mbio". Aliyekamilisha asilimia 90 ya umbali wa mshindi huorodheshwa kuwa amemaliza hata kama gari limekufa njiani. Singapore mwaka 2023 Russell aligonga ukuta mzunguko wa mwisho, na bado akaandikwa wa 16. Kampuni inayofuata orodha ya FIA, shirikisho linalosimamia mbio hizi, kwenye beti hiyo haina sababu ya kuikataa kwenye beti ya mshindi.

Na hadi zibadilike, kampuni zinazouza beti hizi Tanzania na Kenya ziandike kifungu hicho cha kulipa kwa kufuata jukwaa kwa Kiswahili, palepale pembeni ya odi, kabla mtu hajabonyeza kuthibitisha.