Majani makavu ya paini: tunaogopa lisilotudhuru

Miaka miwili iliyopita, mvua za mwisho wa mwaka zilipokatika, nilishusha magunia manne ya majani makavu ya paini nyuma ya nyumba yetu hapa Bombo, wilayani Luweero, Uganda, ili nifunike matuta ya bustani. Kabla sijafungua gunia la kwanza, mama jirani, ambaye alikuwa analima ardhi hii hata mimi sijazaliwa, alisimama karibu na seng'enge akaniuliza: "Mwanangu, umewahi kuona nini kinaota chini ya paini? Hiyo ni sumu. Utaua udongo."

Si yeye peke yake. Tangu misitu ya paini ilipoanza kupandwa kwa wingi Uganda miaka ya 2000, neno hilo limeenea: paini ina asidi, paini inakausha ardhi, usiilete bustanini. Upande wa pili wako vijana wanaolima mboga nyuma ya nyumba, ambao wanasema hakuna matandazo, yaani kifuniko cha juu ya udongo, mazuri kama haya. Wanataja kusini mwa Marekani, ambako majani hayo hufungwa marobota yakauzwa, na watu huyatandaza kwenye maua na chini ya miti ya matunda. Nimeyatumia mwenyewe kwa misimu minne sasa, na naona kwamba pande zote mbili zinabishana juu ya jambo dogo huku makubwa yakipita pembeni.

Nianze na asidi, kwa kuwa ndiyo inayotajwa kila mahali. Ni kweli kwamba jani bichi la paini, ukilisaga ukalipima, lina asidi kali. pH yake, yaani kipimo cha asidi ambacho kikishuka chini ya 7 asidi inazidi, huwa kati ya 3 na 4. Lakini jani halibaki hivyo. Likishaanguka, likakauka, likaanza kuliwa na kuvu na bakteria, asidi yake hupungua, na kinachobaki ni kidogo sana mbele ya udongo wote ulio chini yake. Tabaka la sentimita 7 la majani mepesi haliwezi kugeuza tani za udongo kwa msimu mmoja wala miwili. Hata huko Marekani maafisa ugani huwaambia watu wazi kwamba matandazo ya paini hayabadilishi pH ya udongo kiasi cha kuwatia wasiwasi.

Kinachoongeza asidi kwenye mashamba yetu kinajulikana. Ni mvua inayoosha kalsiamu na magnesi na kuzipeleka chini, mavuno tunayobeba kila msimu bila kurudisha kitu, na mbolea kama urea na DAP zikitumiwa mwaka baada ya mwaka bila chokaa. Udongo wetu mwekundu ulikuwa na asidi kabla mche wa kwanza wa paini haujafika. Mwenye shaka achukue kopo la udongo alipeleke Kawanda, kwenye maabara ya taifa ya utafiti wa kilimo, iko kwenye barabara hii hii ya Bombo. Akiambiwa pH iko chini ya 5, basi maharage yake yana shida kweli, na tiba ni chokaa. Kuondoa majani ya paini juu ya tuta hakutamsaidia kitu.

Lakini swali la mama lilistahili jibu, kwa sababu alichokiona ni kweli. Chini ya paini hakuoti kitu. Shamba la paini la mbao hupandwa mita 3 kwa mita 3, yaani miti 1,111 kwa hekta. Miaka ya kwanza magugu hufyekwa, na mara nyingi hupigwa dawa, ili miche isishindwe. Baada ya hapo matawi yanafungana juu, mwanga unakatika, mizizi inanywa maji yote ya karibu, na majani yanalundikana mwaka juu ya mwaka bila mtu kuyagusa. Mche wa nakati, mboga yetu ya majani, ukiupanda hapo utakufa kwa giza na kiu kabla asidi haijaufikia. Yale majani yakija kwangu yanakuja bila kivuli na bila mizizi. Nilimweleza hivyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema tu, "Tutaona."

Tukaona. Jambo la kwanza lilikuwa usafi. Kabla ya hapo nilikuwa nanunua nyasi zilizofyekwa kando ya barabara, na kila mzigo ulikuja na mbegu zake na vipande vya lumbugu, ile nyasi sugu inayotambaa chini ya ardhi. Nakumbuka nilivyopiga magoti kwenye tuta la kabichi, nikifuata mzizi mmoja mweupe kwa ncha ya kisu kutoka katikati ya tuta mpaka kwenye ua, nikiogopa usikatike, maana lumbugu ukiacha kipande chenye kifundo kimoja tu ardhini kinaanza upya. Majani ya paini hayana mbegu za magugu. Msimu ule palizi ilikuwa mara moja, na nyepesi.

La pili ni kuku. Aliyewahi kutandaza maganda ya kahawa kwenye boma lenye kuku anajua: asubuhi umepanga vizuri, mchana yako njiani yote. Majani ya paini ni marefu, yanakaa matatu matatu kwenye kikonyo kimoja, na yakishalala siku chache na kunyeshewa yanashikana kama mkeka. Kuku wanachakura kidogo, wanachoka, wanaondoka. Ni mkeka huo huo unaoyafanya yasiende na maji kwenye mteremko. Bustani yangu inashuka kuelekea mtaro, na mvua kubwa ya Aprili iliyobeba maganda ya jirani mpaka barabarani iliyaacha majani yangu mahali pake, maji yakipenya taratibu katikati.

Unyevu? Januari, wiki ya tano bila mvua, niliingiza kidole kwenye tuta lililotandazwa: juu pakavu, lakini kufika kifundo cha pili udongo ulikuwa unanata. Kwenye tuta la wazi pembeni yake kidole kiligota kama kwenye tofali. Hata hivyo, nisiwape paini sifa isiyo yao. Majani ya migomba yangefanya kazi hiyo hiyo, na watu wa hapa wamefunika mashamba ya matoke kwa vizazi. Tofauti ni muda. Nyasi kavu kwangu humalizwa na mchwa kabla msimu haujaisha. Majani ya paini waliyagusa kidogo tu, na baada ya mwaka bado nilikuwa na nusu ya kimo nilichoweka.

Hapa ndipo wanaoyasifu wanaponipoteza, kwa sababu kinachoyafanya yadumu ndicho kinachoyafanya yasilishe udongo. Naitrojeni yake ni kama nusu asilimia ya uzito, na yamejaa nta na utomvu. Yakiwa juu ya udongo hayadhuru. Yakichanganywa ndani, vijidudu vinavyoyaozesha huchukua naitrojeni iliyokusudiwa mimea. Kosa hilo nililifanya mwenyewe: mwisho wa msimu wa kwanza nilichimbia mabaki yake kwenye tuta la dodo, yaani mchicha, na dodo ikatoka njano, imedumaa, mpaka nilipoongeza samadi ya mbuzi mara mbili. Familia iliyotegemea tuta lile kwa mboga ya jioni ilikula mboga ya kununua kwa wiki kadhaa.

Maganda ya kahawa ni kinyume chake. Yana potasiamu nyingi, yanaoza ndani ya msimu, na ndiyo maana wakulima wa mananasi hapa Luweero huyatafuta. Shida ni kwamba wanaoyataka wamekuwa wengi: wafuga kuku wanayatandika bandani, wachoma matofali wanayatia kwenye tanuri, na kiwanda cha saruji cha Hima kule Kasese kinayachoma kama kuni. Bei inapanda na mwenye tuta tatu za nyuma ya nyumba anabaki nyuma. Zaidi ya hapo, mwenye mibuni ana sababu ya kuwa mwangalifu. Ugonjwa wa mnyauko wa kahawa uliogunduliwa Bundibugyo, magharibi mwa Uganda, mwaka 1993 uliua sehemu kubwa ya kahawa ya robusta ya nchi hii, na maganda kutoka shamba usilolijua si kitu cha kumwaga chini ya mibuni iliyo mizima. Kwa hiyo siwalaumu wanaotafuta kitu kingine. Ninachokataa ni kusema paini inachukua nafasi ya maganda au samadi. Inafunika tu. Anayetandaza paini bado anadaiwa mbolea.

Kwa matoke nisingeyatumia kabisa. Mgomba unataka chakula kingi, na chakula hicho uko nacho tayari: majani yake na shina lililokatwa baada ya mkungu. Rudisha hayo, yaweke mbali na kisiki ili fukusi wa migomba asipate maficho, inatosha.

Sasa moto. Nashangaa jinsi jambo hili linavyotajwa kidogo, wakati ndilo lingeweza kumkosesha mtu nyumba. Jioni moja nilichukua ngumi moja ya majani yale, nikayaweka kwenye mchanga mbali na kila kitu, nikadondosha kaa moja kutoka kwenye sigiri. Kwa muda mfupi yalitoa moshi mweupe tu. Kisha upepo ukapita, yakawaka mara moja yote, kwa mlio kama wa karatasi ikichanwa, na yakaisha kabla sijahesabu ishirini. Nyasi nilizojaribu baada yake ziliwaka pia, lakini taratibu. Utomvu na hewa iliyo katikati ya majani ndivyo vinavyofanya hivyo.

Fikiria sasa boma la kawaida la Uganda. Sigiri iko nje, watoto wanaipepea, majivu yanamwagwa kwenye kona ileile karibu na bustani, na Januari jirani anachoma takataka. Mtu anayetandaza paini mpaka kwenye ukuta wa jiko la mabanzi amejitandazia kiberiti. Mimi nimeacha mita 3 tupu kati ya jiko na tuta la kwanza, majivu yanaingia kwenye debe la bati mpaka yapoe, na miezi ya Januari na Februari jioni namwagia maji ukingo unaotazama jiko. Mwenye boma dogo lisiloruhusu nafasi hiyo, namwambia bila kusita: tumia nyasi, tumia majani ya mgomba, achana na paini.

Baada ya mavuno ya kwanza mama jirani alipita kwenye lango, akachukua kijiti, akainua matandazo chini ya nyanya. Palikuwa na minyoo, na majani ya chini ya nyanya hayakuwa na madoa ya matope ambayo mvua huyarusha na kuleta ugonjwa. Hakusema tena kuhusu sumu. Aliuliza jambo jingine: "Na huko ulikoyatoa, umeacha nini?"

Swali hilo lilinikaa zaidi kuliko la kwanza. Majani yangu yalitoka njia ya Nakasongola, kwenye shamba la mtu binafsi si mbali na msitu wa hifadhi wa Katugo. Ile ni nchi kavu yenye udongo mwembamba, na tabaka la majani chini ya miti ndilo linalozuia jua lisichome ardhi na mvua zisiichimbe. Kile kidogo cha madini kilichomo kwenye majani ndicho mti unachojirudishia. Ukikwangua kila mwaka mpaka udongo uonekane, unaujenga udongo wako kwa kuubomoa wa mwenzako. Huko Marekani wenye mashamba wanaouza majani hushauriwa wasikusanye kila mwaka mahali pamoja, na warudishe mbolea. Hapa sijaona mtu analizungumza, kwa kuwa biashara bado ni changa. Ikikua bila mazungumzo hayo itaumiza.

Sheria nayo ipo. Sheria ya misitu na upandaji miti ya mwaka 2003 inamruhusu mwanajamii wa karibu kuchukua kuni kavu na mianzi kwa kiasi cha matumizi ya nyumbani ndani ya hifadhi. Kujaza lori majani ya kuuza Kampala si matumizi ya nyumbani, na anayefanya hivyo bila kibali cha Mamlaka ya Taifa ya Misitu anajitafutia kesi. Anayetaka magunia yake machache aende kwa mwenye shamba binafsi, wapatane.

Mimi nilirudi kwa yule mwenye shamba nikamwuliza wapi majani yanamsumbua. Akanipeleka kwenye njia ya moto, ule ukanda mpana uliofyekwa kati ya vitalu vyake ambao kila kiangazi lazima usafishwe mpaka udongo, la sivyo moto wa wafugaji unaochoma malisho utavuka. Hulipa vibarua kukwangua majani pale na kuyachoma. Tulikubaliana nichukue hayo tu, ndani ya kitalu nisiingie na reki. Magunia manne yalifunika tuta langu moja la mita 6 kwa 1.2, na kwa mwaka nahitaji kama kumi: ya nyanya, ya mistari ya mananasi ambako kupalilia kunachana mikono, na ya njia za katikati. Matuta ya nakati na dodo, ninayopanda kwa kunyunyiza mbegu, nayaacha wazi mpaka miche ifike kiganja. Ukanda wake mmoja tu unatoa zaidi ya magunia hayo kumi.