Mafua na Kituyuka

Mafua yalinishika usiku wa kuamkia semina, na semina yenyewe ilihusu Kituyuka. Ingekuwa lugha nyingine ningejikongoja. Lakini Kituyuka, cha Watuyuka wa mto Tiquié, mpakani mwa Brazil na Kolombia, ni cha ukoo wa Kitukano, na huko pua haikai bure. Mzizi wa neno ama wote hupita puani, ama wote hupita mdomoni. Ukipita puani, b inakuwa m, d inakuwa n. T na s hazijali. Sia ni kufunga kwa kamba. Sĩã, ya puani, ni kuua. Ukiandika, kinachookoa maisha ni kile kiwimbi juu ya irabu.

Sasa printa ya duka la nyuma ya chuo ilivimeza viwimbi vyote. Irabu ya sita, ʉ, yaani u iliyopigwa mstari, ikatoka kijisanduku kitupu.

Nikasimama mbele. “Bibi…” nikaanza. Watu wakaangua kicheko. Nilitaka kusema mimi.

Kaka mmoja wa mstari wa mbele, yule asiyekosa swali, akainua karatasi. “Samahani ndugu, hapa sia ni kufunga, na chini yake sia ni kuua. Chifu akisema huyu mfungeni, je?”

“La pili ni la puadi,” nikajibu. “Sia.”

“Sawa, sia. Na la kwanza?”

“Sia.”

Nikakimbilia makaa, nĩtĩ. Likatoka diti, ambalo ni kupoteza. Angalau hilo lilikuwa kweli.

Dada mmoja wa nyuma akaokoa jahazi. “Jamani, si kama kubana pua ukamwita mama?” Akabana. “Baba!”

Somo likaeleweka kuliko maelezo yangu yote: midomo inafanya kazi ileile, ila hewa ikikosa njia ya puani, m inaishia kuwa b. Tatizo ni kwamba kila mtu alitaka kuhakikisha mwenyewe. Ukumbi mzima ukabana pua, huyu baba, yule bibi, kule nyuma wanaulizana “Dadi? Dadi?”

Mlango ukafunguka. Mkuu wa idara akachungulia, akaona watu wamebana pua kuanzia mstari wa mbele hadi ukutani. Naye, upesi, akaibana ya kwake.

“Choo kibeziba teda?”