Jeni imeitika, je, mwili umeumia?

Tuanze na panya wawili madume. Mmoja ni wa ukoo wa Long-Evans, mwingine wa ukoo wa Han/Wistar unaofugwa Kuopio, Ufini. Kila mmoja anateremshiwa tumboni, kwa mrija mwembamba, mafuta ya mahindi yenye TCDD, iliyo kali kuliko zote katika kundi la sumu za klorini ziitwazo dioksini: mikrogramu 100 kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Kesho yake wenzao wa koo hizohizo, waliopewa dozi hiyohiyo, wanauawa, maini yao yanagandishwa haraka na RNA iliyomo, yaani nakala za jeni zinazofanya kazi, inapimwa. Jeni iitwayo CYP1A1, ambayo siku za kawaida imelala fofofo, imeamka kwa kishindo katika maini ya koo zote mbili. Kwa kipimo hicho huwezi kuwatofautisha. Subiri wiki chache. Long-Evans anaacha kula, anakonda hadi mbavu zinahesabika, anakufa. Han/Wistar anapungua uzito, kisha anaendelea na maisha yake.

Pengo kati yao ni kubwa ajabu. Nusu ya Long-Evans hufa kwa dozi ya kati ya mikrogramu 10 na 20 kwa kilo. Kwa Han/Wistar, timu ya watafiti wa Kuopio, Raimo Pohjanvirta na Jouko Tuomisto, ilifika mikrogramu 9,600 bila kuua nusu yao. Sumu ni ileile, spishi ni ileile, na jeni iliyoamka ni ileile.

Nimewatanguliza hao makusudi, maana mabishano mengi kuhusu dioksini hukwama hapo walipo. Kuna wanaosema dalili ya mvua ni mawingu: jeni zikianza kubadilika kwa dozi ndogo, hatari imeshaingia, tusingoje uvimbe wa saratani ndipo tuchukue hatua. Kuna wanaojibu kwamba kuamka kwa jeni ni kazi ya kawaida ya mwili unaojisafisha, na kwamba panya ni kiumbe mwenye papara kuliko binadamu. Kila upande una ushahidi wa kweli. Kosa lao, kwa maoni yangu, ni kuifanya CYP1A1 iwe shahidi wa jambo ambalo haikuliona.

Dioksini haikati DNA wala haibadilishi herufi zake. Inachofanya ni kushika protini moja ndani ya seli, kipokezi kiitwacho AhR, ambacho Alan Poland na wenzake walikitambua mwaka 1976 katika maini ya panya wadogo (spishi nyingine, si wachanga wa panya wakubwa kama Long-Evans). Kipokezi hiki hukaa nje ya kiini cha seli, kimezungukwa na protini nyingine zinazokishikilia mahali pake. Dioksini ikishaingia katika kishimo chake, kinaelekea kwenye kiini, kinaungana na protini mwenzake iitwayo ARNT, na wawili hao wanatua juu ya DNA pale penye herufi GCGTG. Jeni zilizo jirani zinawashwa. CYP1A1 ndiyo inayopiga kelele kuliko zote, lakini haiko peke yake: katika ini la panya mamia ya jeni hupanda au kushuka, zikiwemo zinazoshughulikia mafuta, sukari, nyongo na vitamini A.

CYP1A1 hutengeneza kimeng'enya cha kuvunja kemikali ngeni. Kwa hiyo anayesema ni usafi wa kawaida hajakosea kuhusu asili yake. Kabichi na jamaa zake zina kemikali ambazo tumboni hugeuka kuwa vitu vinavyokishika kipokezi hichohicho, na mwili wenyewe hutengeneza vingine. Lakini vitu hivyo vikishakiamsha kimeng'enya, kimeng'enya kinavivunja, na jeni inarudi kulala. TCDD ina atomi nne za klorini zilizokaa pembeni kabisa mwa molekuli, mahali ambapo kimeng'enya kingeanzia kazi, kwa hiyo haivunjiki kirahisi. Ni mgeni anayepiga hodi, anafunguliwa, kisha anasimama kizingitini mlango usifungike. Mwili wa panya mdogo huhitaji kama siku 10 kupunguza nusu ya TCDD iliyomo. Panya mkubwa huhitaji wiki kadhaa. Binadamu huhitaji miaka 7 hadi 11. Mtu akilinganisha dioksini na kabichi bila kutaja muda, ameacha nusu ya hadithi.

Wanaotaka jeni zisikilizwe mapema wana karata moja ngumu kuipiku. Katikati ya miaka ya 1990 walizalishwa panya wadogo wasio na jeni ya AhR kabisa. Walipopewa TCDD hadi mikrogramu 2,000 kwa kilo, dozi ya kuwaua panya wa kawaida mara nyingi, hawakuonyesha yale madhara makubwa. Baadaye wakaja panya wenye kipokezi kinachoshika dioksini vizuri lakini kisichoweza kuingia kwenye kiini, na wengine ambao chao kinaingia lakini hakiwezi kutua juu ya DNA. Nao waliponea. Maana yake ni nzito: sumu hii huua kwa kupitia mabadiliko ya utendaji wa jeni, hayo si makovu yanayobaki baada ya kidonda. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lilipoiweka TCDD katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 1997, ushahidi wa takwimu za watu bado ulihesabiwa kuwa finyu. Kilichoinua mizani ni kwamba njia hii ya AhR iko kwa panya na iko kwetu. Mwaka 2012 shirika hilo likachapisha kwamba hata ushahidi wa watu umetosha.

Ila kusema madhara yanapitia jeni si sawa na kusema kila jeni iliyobadilika ni madhara. Hapo Han/Wistar anarudi. Kipokezi chake kina kasoro ya kurithi: kwa sababu ya kosa dogo katika maelekezo ya kuiunganisha RNA, kipande cha mkia wake, asidi amino (vijenzi vya protini) 38 au 43, kimekosekana. Mkia huo ndio unaosaidia kuwasha jeni. Kwa CYP1A1 upungufu huo haujalishi, inawaka vilevile. Kwa kundi jingine la jeni unajalisha sana, na ndani ya kundi hilo ndimo ilimo siri ya kifo. Watafiti walipozipanga orodha za jeni za koo hizi mbili bega kwa bega, orodha ya Long-Evans ilikuwa ndefu zaidi, na zilizo katika orodha yake peke yake ndizo zikawa washukiwa. Huo ndio utafiti wa panya ninaoupenda: badala ya kuhesabu jeni ngapi zimebadilika, unauliza ni zipi zimebadilika kwa aliyekufa na hazikubadilika kwa aliyepona.

Hata hapo kuna mitego. Panya aliyeacha kula ana ini la mwenye njaa, na njaa peke yake huzima na kuwasha jeni nyingi za mafuta na sukari. Usipokuwa na kundi la panya wasio na sumu waliopunjwa chakula kwa kiasi kilekile, utaitwisha dioksini mizigo ya njaa. Kuna pia saa ya mwili. Jeni nyingi za ini hupanda na kushuka mchana na usiku, na kwa panya wadogo waliopewa TCDD kwa wiki kadhaa mawimbi hayo yameonekana kufifia au kutoweka kabisa. Anayechukua sampuli saa moja tu ya siku anaweza kuona jeni "imeshuka" kumbe imepoteza wimbi lake. Zile picha za miraba myekundu na ya kijani, za kuonyesha jeni zilizopanda na zilizoshuka, zinazopamba makala za fani hii ni nzuri kwa macho, lakini mimi huanza kwa kutafuta panya walichinjwa saa ngapi na walikuwa wamekula nini.

Hoja ya tofauti za spishi ina uzito wake. Simbilisi hufa kwa dozi inayokaribia mikrogramu moja kwa kilo. Hamsta mzima huhitaji zaidi ya 1,000. Ukilinganisha jeni zinazobadilika katika ini la panya mkubwa na la panya mdogo, zile zinazolingana ni sehemu ndogo, nao ni binamu wa karibu kuliko sisi tulivyo kwa yeyote kati yao. Tena kipokezi cha binadamu huishika dioksini kwa ulegevu wa kama mara kumi kuliko cha panya wadogo wa ukoo wa C57BL/6, wanaotumika sana maabara. Kinafanana zaidi na cha ukoo wa DBA/2, unaojulikana kwa usugu wake kwa dioksini. Mwaka 2003 watafiti wa Japani walieleza panya wadogo waliowekewa kipokezi cha binadamu. CYP1A1 yao iliitika kwa unyonge. Vijusi vyao havikupasuka kaakaa, dhara ambalo ni kama saini ya dioksini kwa panya hao.

Figo za vijusi hivyo, hata hivyo, zilivimba kwa kujaa maji. Kipokezi chetu kililinda kiungo kimoja na kukiacha kingine. Naye yule hamsta anayehimili dozi za kutisha akiwa mzima, watoto wake wakiwa tumboni hudhurika kwa dozi za chini mno, zinazokaribia zile zinazodhuru watoto wa panya wengine. Kwa hiyo swali la kama spishi fulani ni sugu halina jibu moja. Ni la kuulizwa kiungo kwa kiungo, na umri kwa umri. Kijusi hutengeneza kaakaa, figo na meno kwa zamu fupi za siku chache, na jeni ikiwashwa katika zamu isiyo yake, hakuna kuirudia zamu hiyo.

Kuhusu athari kwa vizazi vijavyo nitapita haraka, kwa kuwa makelele yake yamezidi ushahidi. Mwaka 2012 maabara ya Michael Skinner, Marekani, ilitangaza kwamba panya waliopewa dioksini wakiwa na mimba walipata vitukuu wenye magonjwa zaidi, na kwamba mbegu za vitukuu hao zilikuwa na alama tofauti za methili, vile vibandiko vya kemikali vinavyokaa juu ya DNA. Vitukuu hawakuguswa na sumu hata chembe, ndiyo maana habari ilisambaa. Lakini dozi zilikuwa kubwa na zilidungwa tumboni, na bado kuna hatua nyingi kutoka kwenye alama juu ya mbegu hadi kwenye figo mgonjwa. Ni dokezo la kufuatiliwa. Kuligeuza kuwa kanuni kuhusu wajukuu wa watu ni kuruka mto usiojua upana wake.

Basi panya ametufaa nini katika kupanga viwango? Jibu linaonekana Ulaya. Mwaka 2001 kamati ya kisayansi ya huko iliweka ukomo wa dioksini anayoweza kula mtu kuwa pikogramu 14 (pikogramu ni sehemu ya milioni ya mikrogramu) kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa wiki, ikiegemea panya: madume waliozaliwa na mama waliopewa dioksini walikuwa na mbegu chache. Jaribio la baadaye la panya, kwa dozi za chini vilevile, halikuuona upungufu huo, na wapinzani wakashangilia. Wakati huohuo ushahidi wa watu ulikuwa unaiva. Seveso, Italia, wingu la TCDD lilitoka kiwandani tarehe 10 Julai 1976, na wavulana waliokuwa wadogo siku hiyo walipokua walipimwa mbegu: zilikuwa pungufu. Huko Chapayevsk, Urusi, wavulana wengine walioguswa na dioksini walifuatiliwa kwa miaka, matokeo yakaelekea kulekule. Marekani ilipoweka kiwango chake mwaka 2012 ilitegemea Seveso. Ulaya mwaka 2018 ilitegemea Chapayevsk, ikashusha ukomo wake mara saba, hadi pikogramu 2 kwa kilo kwa wiki. Panya alikuwa ameelekeza kidole mahali penyewe, akakosea kipimo. Na alikosea kwa upande ambao wanaomwita mwenye papara hawakuutarajia.

Ndiyo maana siwaungi mkono wanaotaka ukomo uwekwe kwa kufuata CYP1A1 kupanda, wala wanaoitupa CYP1A1 kuwa haina maana. Inakwambia sumu imefika na kipokezi kimeshikwa. Baada ya hapo ni lazima uangalie jeni nyingine. Mojawapo ni TIPARP, ambayo dioksini yenyewe huiwasha na ambayo kazi yake ni kukituliza kipokezi. Panya wadogo walioondolewa jeni hiyo hufa kwa dozi ambayo wenzao wanaihimili. Jeni moja ambayo unaweza kuinyooshea kidole na kusema hii ndiyo inayoua, takriban nusu karne baada ya ugunduzi wa Alan Poland, haijapatikana.

Tumrudie yule Han/Wistar aliyepona. Watafiti wa Kuopio hawakuridhika kumwona akila na kuzunguka kizimbani. Waliipima tezi yake ya thaimasi, iliyo juu ya moyo, ambamo chembe za kinga hulelewa. Ilikuwa imesinyaa, na ilianza kusinyaa kwa dozi zinazokaribiana na zile zilizoisinyaza ya Long-Evans.