Kabla ya Kuuza Vilima vya Shela, Tuchore Kilicho Chini Yake

Mwaka juzi nilisimama ukingoni mwa kisima nyuma ya Shela, kijiji cha kisiwa cha Lamu, nikimtazama fundi mzee akipandisha ndoo. Mchanga wa juu ulikuwa mweupe, mkavu, ukimwagika kama sukari. Kadiri alivyoshuka ukaanza kushikamana, ukageuka rangi, ukawa baridi mkononi. Mzee akakinga maji kiganjani, akaonja. "Matamu. Lakini usitie pampu kubwa, mwanangu, utaivuta bahari."

Mwenye kiwanja akaitia. Haikutimia miaka miwili, kisima kikawa cha chumvi, na cha jirani yake pia.

Mzee yule alisema kweli tupu. Mvua huzama katika vilima vya mchanga vya Shela, na kwa kuwa maji yake ni mepesi kuliko ya bahari, huelea juu yake humo humo ardhini. Wataalamu wana kipimo chao: kila mita 1 ya maji matamu iliyoinuka juu ya usawa wa bahari ina takriban mita 40 chini yake. Kwa hiyo ukiishusha ile mita 1 ya juu, chumvi inakupandia mita 40 kutoka chini. Na vilima hivyo ndivyo vinavyounywesha mji wa Lamu! Ng'ambo ya mkono wa bahari, kisiwani Manda, magofu ya Takwa yamesimama juu ya ardhi ya matumbawe. Watu waliuhama mji ule karne ya 17, na sababu inayotajwa mara nyingi ni maji kuharibika.

Kwa hiyo ninapodai ramani ya jiolojia ya visiwa vyetu, sidai pambo la ukutani.

Uswisi ni nchi ya milima, na wenyewe walilielewa hili mapema. Mwaka 1860 waliunda tume ya jiolojia, watu wakapanda majabali kwa miguu, nyundo na dira mkononi, wakiipaka ramani ya nchi rangi za miamba kipande kwa kipande. Huko Glarus, jimbo la Uswisi, kulikuwa na ajabu: mwamba wa zaidi ya miaka milioni 250 umekaa juu ya mwamba usiofika hata miaka milioni 60. Mjukuu kambeba babu mgongoni. Mstari unaowatenganisha unaonekana jabalini kana kwamba umepitishwa kisu. Mwanajiolojia wa huko, Arnold Escher, aliuchunguza na ukamtatiza. Albert Heim akaueleza kwa mikunjo miwili mikubwa iliyoelekeana. Mwaka 1884 Mfaransa Marcel Bertrand akasema la, ni tabaka moja kubwa lililosukumwa kutoka kusini. Alikuwa sahihi.

Nani aliyesukuma? Bamba la Adria, kipande cha ganda la dunia ambacho wanajiolojia wengi walikihesabu kuwa rasi ya Afrika iliyoingia Ulaya. Niliposoma hayo niliinuka kitini. Milima ya Alps imekunjwa na bara letu! Na huku kwetu bara hilo hilo lilipasuka: zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita Madagaska iling'oka ubavuni mwetu ikateleza kusini, na pengo likajaa mchanga na tope kilomita kadhaa kwenda chini. Hilo ndilo bonde la Lamu, linalotafutwa mafuta na gesi tangu zamani.

Hapo ndipo ninapoumia. Kilomita za chini zina wa kuzipima, kwa sababu ya mafuta. Mita 20 za juu, anazochota mama wa mtaa wa Langoni mjini Lamu, nani anazichora? Nilipofuatilia kiwanja cha familia nilifunguliwa ramani ya mipaka, mistari na namba. Hakuna aliyetaja mchanga wala maji.

Nataka ramani ya vipimo vidogo vidogo, ya kila mtaa, kwa Kiswahili, inayoonyesha mchanga unaishia wapi, matumbawe yanaanzia wapi, na chumvi imeshafika wapi. Ibandikwe mahali viwanja vinapogawiwa, na mpaka ikamilike asiuziwe mtu hata futi moja ya vilima vile. Fundi yule yu hai bado, na anavijua visima vya Shela kimoja kimoja, kina chake na ladha yake. Watakaokuja na dira na nyundo waanzie barazani kwake.